Tarehe ya mstari si historia ya programu

Kila ninapoitwa kwenye ofisi inayotumia IBM i, mfumo endeshi wa IBM wa mashine za biashara, nahakikishiwa jambo lilelile: "Historia tunayo, kila mstari una tarehe yake." Wiki hii nimeambiwa tena, na sitaki kulinyamazia.

Tarehe ipo, ni kweli. Ndani ya memba, yaani sehemu ya faili la chanzo inayobeba msimbo wa programu moja, kila mstari hubeba nambari ya mfuatano ya tarakimu 6, tarehe ya tarakimu 6, kisha msimbo wenyewe. Ila tarehe hiyo ni ya mara ya mwisho mstari kuguswa. Haisemi nani aliugusa wala ulikuwaje kabla. Na mstari ukifutwa, huondoka na tarehe yake. Chukua programu ya ankara yenye sharti linalozuia punguzo kutolewa mara mbili. Mtu analifuta sharti lote. Ipekue memba juu hadi chini: hakuna tarehe mpya hata moja, mistari yote iliyobaki ni ileile ya miaka iliyopita. Tarehe ya memba nzima itabadilika, lakini nayo haitakwambia kilichoondoka. Unaweza kumaliza siku tatu ukitafuta kosa katika mistari iliyopo, kumbe kosa ni mstari usiokuwepo. Kwa Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, amri ya git log -S pamoja na jina la kigezo kilichokuwa kwenye sharti hilo inakutolea badiliko lililouondoa, aliyelifanya, siku, na maelezo aliyoyaandika.

Nikifika hapo naonyeshwa nakala: ANKARA, ANKARA2, ANKARAOLD, ANKARAX. Jina la memba lina nafasi ya herufi 10 tu, sababu ya badiliko itakaa wapi? Na ni ipi kati ya hizo iliyokompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo) ikawa programu inayofanya kazi leo? Endesha amri ya DSPOBJD kwa DETAIL(*SERVICE), au DSPPGM kwa DETAIL(*MODULE) kama programu ni ya ILE (aina mpya ya programu, inayoundwa kwa moduli), utaona memba iliyotumika na tarehe yake. Usishangae jina likiwa la memba iliyokwisha kufutwa.

Bekapu ya usiku? Amri ya SAVLIB huhifadhi maktaba (fungu la faili na programu) ilivyo saa ile. Ukibadilisha memba mara tatu mchana, mara mbili za kwanza hazimo.

Wengine hunijibu: "Git ni ya Linux." Hapana. Inasakinishwa kwa yum (kisakinishi cha programu) na kuendeshwa kwenye PASE, mazingira ya mtindo wa Unix ndani ya IBM i, papo hapo kwenye mashine. Msimbo ukiwa faili la maandishi kwenye IFS, mfumo wa faili wenye folda za kawaida, amri ya CRTBNDRPG huukompaili kwa kigezo cha SRCSTMF. Kinachowaumiza wengi ni usimbaji wa herufi: weka UTF-8, yaani CCSID 1208, kwa sababu faili za EBCDIC, usimbaji wa zamani wa IBM, zikiingia, tofauti za mistari hazisomeki.

"Kwanza tuandike upya RPG yetu iwe ya mtindo huru." RPG ni lugha ya programu ya IBM, na mtindo huru hauilazimishi kupangwa kwa safu. Si lazima. Git haijali msimbo umeandikwa kwa safu au la.

"Programa ni mmoja tu." Basi ndiye anayehitaji kumbukumbu zaidi, maana hana wa kumuuliza.

Mkianza, tarehe za mistari hazitavuka kwenda IFS. Ziacheni, maktaba ya zamani ibaki ya kusomwa tu. Linganisheni kila memba na programu yake kwa amri hizo za DSPOBJD au DSPPGM, kisha iingizeni Git kama ilivyo, pamoja na mistari yote iliyozimwa kwa nyota (isiyotekelezwa tena). Msisafishe kitu siku hiyo. Usafi uanze na badiliko la pili, ili mkifuta kimakosa muweze kukirudisha.