Kitufe cha “Sasisha” Hakifuti Kazi Yako

Wiki hii nimeambiwa tena: “Hapo usiguse, ukisasisha mandhari tovuti itaharibika.” Aliyeniambia amekaa miaka mitatu na toleo lilelile la mandhari yake ya WordPress, yaani theme, folda ya faili inayoipa sura tovuti iliyojengwa kwa programu hiyo. Kila siku anaiona alama ya sasisho kwenye dashibodi, ukurasa wa kusimamia tovuti, na kuipita. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na imeshawagharimu watu tovuti zao, maana asiyesasisha huacha wazi matundu ya usalama. Acha niijibu mara moja kwa urefu, pamoja na jamaa zake wachache.

“Nikisasisha, kila nilichotengeneza kitafutika”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa kuwa ina chembe ya ukweli ndani yake, na watu wameikuza chembe hiyo mpaka ikawa sheria.

Tazama kazi inavyofanyika. Ukibofya Sasisha, WordPress inapakua zip (faili iliyobanwa) ya toleo jipya, inaifungua ndani ya folda ya muda, wp-content/upgrade, inaiondoa folda nzima ya mandhari ya zamani na kuiweka mpya mahali pake. Hailinganishi faili kwa faili, wala haichunguzi nani aliongeza mstari gani kwenye faili kama header.php. Folda moja inatoka, nyingine inaingia.

Sasa jiulize kazi yako imehifadhiwa wapi. Makala na kurasa zimo kwenye hifadhidata (database), si kwenye folda ya mandhari. Picha zimo wp-content/uploads, nje kabisa ya folda ya mandhari. Menyu, wijeti, nembo na rangi ulizochagua kwenye dashibodi zimo kwenye hifadhidata. CSS, yaani mistari inayopanga rangi na mwonekano, uliyoiandika kwenye kisanduku cha CSS ya ziada, kilichokuwepo tangu toleo 4.7 la Desemba 2016, nayo imo humohumo. Ukitumia mandhari ya bloku, zile zilizoingia rasmi na toleo 5.9 mwaka 2022, ambazo kurasa zake hupangwa kwa vipande, hata violezo (mifumo ya kupanga kurasa) ulivyovihariri kwenye kihariri cha tovuti vinahifadhiwa kwenye hifadhidata. Mtengenezaji anaweza kubadili mpangilio wake na mwonekano ukasogea kidogo, lakini ulichohifadhi bado kipo.

Kinachopotea ni mistari iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya faili za mandhari, iwe uliiandika wewe au fundi aliyekutangulia. Basi.

Kwa hiyo unahitaji kujua jambo moja: kuna mtu aliyewahi kuhariri faili hizo? Wengi hawajui, na badala ya kuchunguza wanaamua kuogopa. Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Fungua style.css ya mandhari yako usome namba ya toleo iliyoandikwa juu. Pakua toleo hilohilo kutoka kwa mtengenezaji. Mandhari zilizoko WordPress.org zimehifadhiwa pamoja na matoleo yake ya zamani. Shusha na folda iliyoko kwenye seva, kisha zilinganishe folda mbili hizo kwa programu ya kulinganisha kama Meld au WinMerge, au kwa amri ya diff -r. Nasisitiza toleo hilohilo, maana ukilinganisha na jipya utaletewa mamia ya tofauti zisizokuhusu na utakata tamaa bure.

Zikiwa sawa, huna cha kupoteza ndani ya folda ile: chukua nakala rudufu, sasisha. Zikitofautiana, sasa una orodha ya kazi. Mabadiliko ya CSS yahamishie kwenye CSS ya ziada. Msimbo wa kufuatilia wageni na vipengele vingine visivyohusu sura ya tovuti viweke kwenye programu-jalizi (plugin) ndogo yako mwenyewe, ili vibaki hata siku utakapobadili mandhari kabisa. Yanayogusa violezo ndiyo yanayohitaji mandhari mtoto (child theme), inayorithi kila kitu kutoka kwa mandhari yako ya sasa, yaani mzazi: folda mpya yenye style.css, na ndani yake mstari wa Template unaotaja jina la folda ya mandhari mzazi. Humo weka faili ulizozibadilisha tu.

Tu! Nimeshakuta mandhari mtoto iliyobeba nakala ya kila faili ya mzazi. Hapo mzazi anasasishwa na hakuna kinachobadilika, kwa sababu kiolezo kilichomo kwa mtoto ndicho kinachosomwa. Faili ya functions.php ina utaratibu wake: ya mtoto inasomwa kabla ya ile ya mzazi, na zote mbili zinaendeshwa. Ukiinakili nzima, kwa kawaida PHP, lugha inayoendesha WordPress, itakuta function moja imetangazwa mara mbili na tovuti itasimama.

Siku ya kuiwasha mandhari mtoto utaona nembo haipo na menyu zimehama. Usikimbie kurudi nyuma. Mipangilio hiyo huhifadhiwa kwa jina la mandhari, na hili ni jina jipya. Ipange upya, tena ianzie kwenye tovuti ya majaribio ambako hakuna mgeni anayekuangalia.

“Nina mandhari mtoto, sihitaji kuangalia chochote”

Unahitaji. Kiolezo ulichokinakili mwaka juzi hakisasishwi na mtu yeyote isipokuwa wewe. Wenye duka la WooCommerce, programu-jalizi ya kuuzia mtandaoni, wana msaada mzuri hapa: ukurasa wake wa hali ya mfumo unaorodhesha violezo vilivyopitwa na wakati. Usome baada ya kila sasisho.

“Mandhari isiyowashwa haina madhara”

Faili zake ziko kwenye seva, na seva inaweza kuitwa moja kwa moja kwa anwani ya faili, mandhari iwe imewashwa au haijawashwa. Mwaka 2011 tundu kubwa liligunduliwa kwenye TimThumb, faili ya kupunguza ukubwa wa picha iliyokuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi. Wadukuzi hawakuulizia mandhari gani inatumika, waliitafuta faili. Baki na mandhari unayoitumia, mzazi wake kama inaye, na moja ya zile zinazokuja na WordPress, nayo uisasishe. Nyingine zifute. Na tafadhali, mzazi usimfute kwa kuwa eti hajawashwa.

“Dashibodi haionyeshi sasisho, basi niko sawa”

Kwa mandhari ya kununua, ukimya huo mara nyingi maana yake ni kwamba ufunguo wa leseni haujaingizwa au muda wake umekwisha. Mandhari iliyoondolewa WordPress.org nayo haitakuletea tangazo lolote. Linganisha namba ya toleo lako na rekodi ya mabadiliko ya mtengenezaji. Na mandhari za kulipia zinazogawiwa bure na watu wasio wenyewe usizisakinishe kabisa: programu hasidi ya WP-VCD ilisambaa sana kwa njia hiyohiyo.

“Ikiharibika, WordPress itarudisha yenyewe”

Tangu toleo 6.3 la Agosti 2023, sasisho unalolianzisha mwenyewe likishindwa katikati, folda ya zamani hurudishwa. Lakini kama toleo jipya limeingia salama kisha likavuruga ukurasa wa malipo, kwa WordPress hilo ni sasisho lililofaulu. Nakala rudufu ni jukumu lako: faili pamoja na hifadhidata, ichukuliwe kabla ya kubofya na itunzwe nje ya seva hiyo. Ya kampuni inayohifadhi tovuti yako ni akiba ya pili. Mimi huhifadhi pia zip ya toleo la mandhari ninaloliacha, kwa sababu tangu toleo 5.5 unaweza kupakia zip hiyo kwenye dashibodi nayo ikachukua nafasi ya iliyopo, hata kama ni ya zamani zaidi.

Hakikisha pia barua pepe ya msimamizi kwenye mipangilio ni unayoisoma. Tangu toleo 5.2, hitilafu kubwa ya PHP ikitokea, WordPress hutuma huko kiungo cha kuingilia dashibodi. Barua isipofika, ingia kwenye faili za seva kwa FTP, badili jina la folda ya mandhari yenye shida, kisha fungua ukurasa wa mandhari kwenye dashibodi: WordPress itaangukia ile ya kawaida uliyoiacha.

“Nimesasisha na hakuna kilichobadilika, imegoma”

Safisha kache (nakala za muda za kurasa) ya tovuti, ya CDN (mtandao wa seva unaosambaza nakala hizo) kama unayo, na ya kivinjari, kwa mpangilio huo. Kisha fungua tovuti kwenye simu bila kuingia kama msimamizi, ujaze fomu ya mawasiliano, ubofye kila kipengele cha menyu, na kama unauza, upitishe oda moja ya majaribio mpaka mwisho.