Shahada ya uzamili ya mipangomiji: anzia sokoni Mwaloni

Kila udahili unapofunguliwa, vijana wa hapa Mwanza hunitafuta na swali lilelile: uzamili wa mipangomiji na mikoa unafundisha nini ambacho hatukukisoma kwenye shahada ya kwanza? Wengi wanategemea kuchora zaidi. Kuchora mtajifunza wenyewe mkitaka. QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure na mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Ada ya uzamili, kwa maoni yangu, mnailipia mikoa. Na mikoa ndiyo wanafunzi wengi huipita mbiombio wakiukimbilia mji.

Chukua soko la Mwaloni pale Kirumba. Darasani utakutana na Walter Christaller, Mjerumani ambaye mwaka 1933 alieleza kuwa miji hujipanga kwa ngazi: mji mdogo unahudumia vijiji vyake, mkubwa unahudumia ile midogo, na maeneo yao ya huduma yanashikana kwa umbo la pembe sita, kama sega la nyuki. Ili hesabu yake ikae sawa alijiwekea masharti: nchi iwe tambarare, watu wawe wametawanyika sawasawa, na kusafiri upande wowote kuwe na gharama ileile.

Sasa nenda Mwaloni alfajiri. Dagaa wanashushwa kutoka Ukerewe na visiwa vingine vya Ziwa Victoria, wanapakiwa kwenye malori, na wengine safari yao inaishia Kongo. Hapo hakuna pembe sita. Ni rahisi kusema Christaller alikosea ukafunga daftari. Msimamizi wako wa uzamili atakurudisha: sharti lipi limevunjika, na likivunjika, mpango unabadilika wapi? Hapa limevunjika la gharama ya safari, maana mzigo mzito majini huweza kusafiri kwa nafuu kuliko kwenye barabara mbovu. Kwa hiyo mtaa unaozunguka soko unadai maegesho ya malori, vyoo, vyumba vya kulala wageni na sehemu ya kuhifadhia mzigo kwa kiasi ambacho idadi ya wakazi wa kata haitakuonyesha kamwe. Anayepanga kwa kuhesabu wakazi peke yake atapanga soko la mtaa, wakati lile ni soko la ziwa zima.

Hesabu zenyewe si ngumu. Sensa ya 2012 iliikuta Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji la Mwanza, kwa pamoja na watu 706,453. Ya 2022, watu 1,104,521. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 4.6 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi inaongezeka maradufu ndani ya miaka 15 au 16. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, kila mwaka zimeongezeka karibu kaya 10,000 zinazotaka pa kulala. Linganisha na viwanja vilivyopimwa kwenye halmashauri yako ndipo utaelewa kwa nini nyumba zimepanda milima ya mawe ya Mabatini na Igogo. Kwa mtu anayefanya kibarua mjini, mlima ule uko karibu na kazi, na nauli anaokoa. Ndiyo maana nafurahi nikiona mabomba membamba ya majitaka yaliyopitishwa kati ya nyumba hizo, kwa kina kifupi, yakifuata mteremko. Mhandisi aliyeyapitisha aliukubali mji alioukuta. (Wapo wenzangu wanaoamini bado kwamba dawa ni kubomoa. Tunabishana kila tukikutana.)

Halafu kuna daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ziwa kati ya Mwanza na Sengerema, kilomita 3 na ushee, lililofunguliwa Juni 2025. Ukitafuta mada ya tasnifu, hiyo hapo. Mpango wa pili wa maendeleo ya taifa wa miaka mitano, 1969 hadi 1974, uliitaja Mwanza miongoni mwa miji tisa ya kukuza maendeleo ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Fikra hiyo inatokana na Mfaransa François Perroux: kuza kitovu, manufaa yasambae pembeni. Lakini kitovu huweza pia kunyonya pembeni yake. Je, bila kusubiri kivuko, mfanyabiashara wa Sengerema ataongeza duka kwao, au wateja wake watavuka kuja kununua Mwanza? Bei za viwanja vya Busisi zikusanywe sasa, kabla hazijapanda hadi watu wasahau zilikoanzia.

Mada nyingine ni zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka ziachwe bila kujengwa ufukweni. Zinapimwa kutoka wapi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na maji yakaingia kwenye mialo na nyumba. Bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, haihami maji yanapohama. Swali hilo linataka mpimaji, mwanasheria na mtu wa hali ya hewa wakae meza moja, jambo ambalo kazini hutalipata kirahisi lakini chuoni unaweza kulipanga.

Mada yoyote utakayoichagua, barua ya kibali ianze mapema. Chuo kitakuandikia, utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, itashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiingie mtaani na dodoso kabla mwenyekiti hajakufahamu, hasa mlimani, ambako mgeni anayeandika namba za nyumba hudhaniwa ametumwa kuja kubomoa.