Skrini ya fokasi: ni nini, na uchague ipi kwa lenzi za kuzungusha kwa mkono

Skrini ya fokasi ni kipande chembamba cha plastiki au kioo chenye ukungu, kama kile cha dirisha la bafu, kilicholazwa juu ya kioo cha kuakisi ndani ya kamera ya DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo hicho. Mwanga ukiingia kwa lenzi hupigwa na kioo hicho, ukapanda juu na kuchora picha kwenye skrini. Unapoweka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia, unachotazama ni picha hiyo. Umbali kutoka lenzi hadi skrini umepimwa uwe sawa na umbali kutoka lenzi hadi sensa, kile kipande kinachonasa picha, ili kinachoonekana kikali juu kitoke kikali kwenye picha.

Wapiga picha wengi wa Nairobi huanza na kamera ya mtumba, tuseme Canon 5D Mark II au 6D, halafu wanatafuta lenzi za zamani zenye tundu kubwa (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa): Helios 44-2 ya Kisovieti, 58mm f/2, au Nikkor 50mm f/1.4. Uamuzi huo naupenda. Nikkor inaingia kwenye Canon bila shida kwa adapta, kwani Nikon inadai milimita 46.5 kutoka mdomo wa kamera hadi sensa na Canon EF ina 44, kwa hiyo adapta inapata pa kukaa. Shida huja baadaye. Tuseme umepiga harusi: kwenye kidirisha macho ya bibi harusi yalikuwa makali kabisa. Ukifungua picha kwenye kompyuta, kilichoshika fokasi ni hereni. Lenzi inalaumiwa bure.

Chanzo ni skrini iliyokuja na kamera. Imetengenezwa kwa ajili ya fokasi ya otomatiki na lenzi za zumu za f/3.5 hadi f/5.6, na kazi yake kuu ni kung'aa. Ili ing'ae, uso wake una vilenzi vidogo mno vinavyoelekeza mwanga moja kwa moja kwenye jicho. Lakini ile miale ya pembeni, inayopita kwenye kingo za tundu kubwa, kwa sehemu kubwa haifiki jichoni. Matokeo yake, hata ukifungua lenzi hadi f/1.4, unachoona ni kama f/2.8 hivi.

Hesabu yake inauma. Kwa lenzi ya 50mm kwenye sensa kubwa, ukisimama mita 1 kutoka kwa mtu, f/1.4 inakupa takriban sentimita 3 tu za ukali, f/2.8 inakupa mara mbili ya hapo. Kwa hiyo skrini inakuonyesha jicho na ncha ya pua vyote vikiwa sawa, ilhali sensa itachagua kimoja. Ukitaka kujionea, funga kwenye kamera lenzi ya zamani yenye pete ya tundu, tazama kwenye kidirisha, kisha zungusha pete polepole kutoka f/1.4 hadi f/2. Mwanga kwenye kidirisha karibu haubadiliki.

Tiba ya kwanza ni skrini laini yenye ukungu mzito zaidi. Canon iliziita Eg-S kwa 5D Mark II na 6D, Ee-S kwa 5D ya kwanza, na Ef-S kwa 40D, 50D na 60D. Hapa picha inaingia na kutoka kwenye fokasi waziwazi, popote kwenye fremu. Gharama yake ni giza: ukiweka zumu ya f/5.6 ndani ya ukumbi saa mbili usiku, utahangaika. Ni skrini ya lenzi za f/2.8 na zilizo wazi kuliko hapo.

Ya pili ni ile ya duara lililogawanyika katikati, waliyoizoea waliokulia kwenye filamu. Ndani ya duara mna prizimu mbili ndogo zilizoinamishwa kinyume. Fokasi ikikosa, mstari wa wima, tuseme ukingo wa kola, unakatika vipande viwili. Ikishika, vipande vinaungana. Kwa kitu kilichotulia ni sahihi ajabu. Ila inataka mstari wa kukatia, inafanya kazi katikati pekee, na kwa lenzi ya f/5.6 nusu ya duara huwa nyeusi. Kamera nyingi za dijitali hazikutengenezewa skrini ya aina hii, kwa hiyo hukatwa kutoka za filamu, kama K3 ya Nikon FM3A iliyotoka 2001.

Ya tatu, ile ya mistari ya gridi, haikusaidii kufokasi. Inamfaa anayepiga maghorofa ya Upper Hill na kutaka yasimame wima.

Kwa anayepiga watu, mimi ningechukua ile laini, tena bila kusita. Uso wa mtu mara chache unakaa katikati ya fremu, na ukifokasi katikati kisha ukahamisha kamera, zile sentimita 3 zimeshakwenda.

Kabla ya kununua, hakikisha kamera yako inaruhusu kubadilisha. 5D Mark III haikutengenezewa mtumiaji abadilishe mwenyewe, na 7D haibadiliki. Kumbuka pia kwamba kipima mwanga kiko juu, karibu na prizimu kubwa ya kidirisha, na kinasoma mwanga uliopita kwenye skrini. Ukibadilisha skrini, iambie kamera kupitia menyu ya mipangilio maalumu, la sivyo picha zitatoka na mwanga usio sahihi. Kwa ile ya duara, usitegemee kupima mwanga kwa nukta ya katikati.

Kuiweka ni kazi ya dakika chache, ila shika ukingo tu, kwa kibano chake. Usiifute kwa kitambaa wala dawa, inachunika upesi. Pulizia kwa pampu ya mpira. Vumbi likibaki juu yake litakukera machoni lakini halitokei kwenye picha.

Ukimaliza, weka kamera kwenye tripodi, washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini ya nyuma, kuza mara 10 na ufokasi gazeti lililobandikwa ukutani. Zima, kisha tazama kwenye kidirisha bila kugusa lenzi. Maandishi yakionekana na ukungu, skrini haijakaa kwenye kimo chake, na fundi atahitaji kuongeza au kupunguza vile vipande vyembamba vya kurekebishia kimo hicho.