Ukocha wa uongozi kwa wanawake maana yake nini hasa?

Ukisema kocha watu wanawaza mpira, halafu ukiwaambia kuna dada ni meneja na ana kocha wake wanashangaa, anafundishwa nini tena na kazi anaijua? Ndo hapo sasa. Kocha wa uongozi hakufundishi kazi, ni mtu mnaekaa faragha, mara nyingi kama saa moja kila baada ya wiki mbili tatu kwa miezi kadhaa, anakuuliza maswali mpaka unaanza kujiona vile wenzio wanavyokuona. Menta ni mwingine, yeye kashapita njia hiyo anakusimulia alivyopita. Sponsa ni mkubwa anaetaja jina lako kwenye kikao ambacho we haupo.

Kwa nini wanawake? Kwa sababu ukikaribia juu kipimo kinabadilika, huku chini ulipanda kwa kuchapa kazi, kule wanaangalia kama "unafanana na kiongozi", na hapo mwanamke anabanwa kotekote, akiwa mpole hana msimamo, akikaza ana kiburi.

Chukulia mtu analalamika kwamba wazo lake kwenye kikao linapita hewani, dakika kumi baadae mwanaume analirudia na linasifiwa. Kocha hamwambii "jiamini" (neno hilo peke yake halijawahi kumsaidia mtu), anamwomba arudie alichosema, neno kwa neno. "Samahani, labda nakosea, ila nilikuwa tu nafikiria..." Anajisikia mwenyewe, ananyamaza. Wanajaribu tena: "Napendekeza tufanye hivi, sababu ni hii." Wanarudia mpaka mdomo uzoee, tena wanapanga nani ataongea nae kabla ya kikao ili wazo lisiingie peke yake.

Kuna na ile ya kuhisi umebahatisha tu na siku moja utagundulika, hali ambayo wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978 kwa wanawake waliofanikiwa sana. Kocha anaweza kukusaidia kuipima na ushahidi wa kazi zako, ila kama kuna maumivu ya zamani hiyo ni ya mshauri nasaha.

Na kama kampuni haitaki kabisa mwanamke juu, kocha habadilishi kampuni, atakusaidia tu kuamua unabaki au unaondoka. Ikiwa kampuni ndo inamlipa kocha, kabla hujafungua moyo uliza nini kinaripotiwa kwa bosi, na mwandikiane.