Kabla hujaagiza mfumo wa usimamizi, pima umbali

Wakurugenzi wa taasisi ndogo huniuliza mara kwa mara: tutumie mfumo gani? Mmoja ameisikia OKR, yaani njia ya kuweka malengo na matokeo ya kuyapimia, kwenye semina; mwingine mfadhili wake anataka ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Nami huwauliza kwanza: kati ya anayeamua na anayefanya kazi, kuna ngazi ngapi na kilomita ngapi?

Idadi ya wafanyakazi peke yake hupotosha. Chukua zahanati yenye watu ishirini chini ya paa moja. Mganga mfawidhi anapita kila chumba asubuhi, na foleni ikikwama kwenye dirisha la dawa, anaiona na kuamua palepale. Sasa chukua chama cha ushirika chenye wafanyakazi kumi na wawili tu, waliotawanyika kwenye maghala ya wilaya nne. Meneja hajui mizani ya ghala la mbali imesoma nini mpaka taarifa imfikie. Ni hicho chama, kilicho kidogo kwa idadi, kinachohitaji vipimo vya kila wiki na mipaka ya madaraka iliyoandikwa: nani anaruhusiwa kukataa mzigo, nani anaidhinisha malipo, hadi kiasi gani.

Zahanati ile ningeianzishia 5S, utaratibu wa hatua tano wa kupanga mahali pa kazi: kuondoa visivyohitajika, kupanga vilivyobaki, kusafisha, kuweka utaratibu mmoja, kisha kuudumisha. Hapa Tanzania hospitali ya rufaa ya Mbeya iliuanza mwaka 2007, na baadaye ukasambazwa katika hospitali nyingine. Naupenda kwa sababu muuguzi anaona faida yake siku hiyohiyo, anapoacha kuzunguka akitafuta mashine ya presha.

OKR wengi huidhania kuwa ya makampuni makubwa kwa sababu ilizaliwa Intel, kampuni kubwa ya vipuri vya kompyuta, chini ya kiongozi wake Andy Grove. Lakini mwekezaji John Doerr alipoipeleka Google mwaka 1999, kampuni ilikuwa na watu wapatao arobaini. Iliwafaa kwa kuwa walikuwa wakikua haraka, na kila robo mwaka walihitaji kukubaliana upya kipi kitangulie. Kazi isiyobadilika haiihitaji. Mishahara inatakiwa itoke kwa tarehe yake, bila kosa, kila mwezi. Mhasibu hapo anahitaji orodha ya hatua na mtu wa pili wa kuhakiki.

Kuhusu ISO 9001, nasema kwa uchungu kwa sababu naona taasisi zikiuziwa makabrasha yasiyo na kazi. Toleo la 2015 liliondoa sharti la kuwa na mwongozo wa ubora, na linaeleza wazi kwamba wingi wa nyaraka hutofautiana kulingana na ukubwa wa taasisi, ugumu wa shughuli zake na umahiri wa watu wake. Kiwanda cha watu kumi na watano hakilazimiki kuwa na kabati la taratibu. Cheti chenyewe kitafute mnunuzi wako akikidai, au zabuni unazozilenga zikikitaja. Vinginevyo chukua yale yanayokusaidia, hasa ukaguzi wa ndani na kumbukumbu za malalamiko, na fedha za mkaguzi wa nje zibaki kwenye mtaji.

Wazo zuri nalo likivishwa kila mtu kwa kipimo kimoja huelemea. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, ilipoingia katika utumishi wa umma wa Tanzania mwaka 2004, ilichukua nafasi ya tathmini za siri, na mtumishi akakaa na msimamizi wake kukubaliana malengo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Tatizo ni kwamba mwalimu wa darasa lililofurika, asiye na uwezo wa kuamua idadi ya wanafunzi wala vitabu, hapimiki kama afisa anayeshika bajeti yake mwenyewe.

Ukishachagua, hesabu saa za kazi ambazo mfumo utazichukua. Andika nani atakusanya takwimu, nani atazisoma, na nani ataamua kwa kuzitumia, katika kikao gani. Kama majina yote matatu ni ya mkurugenzi, punguza vipimo hadi vitatu au vinne. Ujaribu mfumo kwenye idara moja kwa miezi mitatu, halafu waulize wanaojaza fomu yake ni uamuzi gani umebadilika kwa sababu ya fomu hiyo. Safu ambayo hakuna aliyeitumia, ifute kabla ya kuupeleka idara ya pili.