Goti Linalouma Linahitaji Paja Lenye Nguvu

Wagonjwa wengi wa magoti wanaofika idara yetu ya fiziotherapia huja na jibu mkononi: grisi imeisha. Wengine wamekwisha kujipa na masharti, wasipande ngazi, wasitembee, wakae tu. Masharti hayo ndiyo hunitia wasiwasi kuliko goti lenyewe.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe na nyororo lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi sehemu nyingi. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji, yaliyoshikiliwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Ukikanyaga, maji hayo hubanwa lakini hayapati njia ya kutoka upesi, na shinikizo lake ndilo hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukisimama pale pale muda mrefu, huchujika kidogo kidogo na gegedu hupungua unene. Mzigo ukiondoka, hurudi.

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Seli zake hulishwa na ute wa kiungo, na kule kubanwa na kuachiliwa kwa zamu husaidia lishe hiyo kupenya. Halina neva pia, kwa hiyo maumivu hutoka kwenye mfupa na tishu za jirani. Ndiyo maana eksirei inaweza kuonyesha goti lililochakaa kwa mtu asiyelalamika kabisa.

Unapotembea tambarare, goti hubeba takriban mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Ziada hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa huletwa na misuli. Msuli wa mbele ya paja huvuta ugoko kupitia kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, sentimita chache tu kutoka katikati ya goti, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi.

Basi kuuimarisha si kuongeza mzigo? Tazama mtu anavyoshuka ngazi. Msuli huo hufanya kazi huku ukirefuka, ukiuzuia mwili usidondoke. Ukiwa dhaifu, mguu hutua kwa kishindo na gegedu hupokea mzigo ghafla. Tena goti likivimba, mwili wenyewe hupunguza amri inayofika kwenye msuli huo, na paja huanza kukonda. Kulala kitandani huzidisha udhaifu huo.

Zoezi ninaloanza nalo halina gharama. Keti kwenye kiti imara, inuka bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudi kuketi polepole. Faida kubwa iko kwenye kule kurudi, na ndiko watu wanakokimbiza. Kiti kikiwa kifupi mno, tafuta kirefu zaidi. Maumivu kidogo yanavumilika, mradi asubuhi yake goti lisiwe limevimba zaidi. Mwenye bakora aishike kwa mkono wa upande wa mguu usiouma. Kwa wenye uzito mkubwa, utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo 1 iliyopungua iliondoa takriban kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua.

Goti lenye joto na uvimbe pamoja na homa, lililokwama lisikunjuke, au lisiloweza kukanyagiwa baada ya kuumia, halisubiri mazoezi. Hilo lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.