Kupokea nia ya Misa si kuingia dini
Wengi huamini kwamba asiye na dini akipokea rambirambi ya nia ya Misa, yaani Misa iliyoombwa isomwe kwa ajili ya marehemu wake, ama amekuwa mnafiki, ama ameikubali imani ile. Sivyo. Kwa Wakatoliki, mtoaji ndiye anayepeleka jina la marehemu na sadaka parokiani. Mfiwa hadaiwi kuhudhuria. Tena marehemu si lazima awe Mkatoliki: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 901, inamruhusu padri kumtolea Misa yeyote, aliye hai au aliyefariki. Isome mwenyewe, au uliza ofisi ya parokia.

Jibu? “Asante kwa kumkumbuka mama” latosha, na ni kweli tupu. Mjadala wa kuwepo kwa Mungu, kwa maoni yangu, usubiri matanga yaanuliwe.